Utengo Wenye Hesabu

Katika nyumba za Musoma, Bunda na Butiama, kama katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, mgonjwa ni mtu wa kukaribiwa. Huletewa uji, hushikwa mkono, huketiwa pembeni mwa kitanda, huulizwa habari za usingizi alioupata na chakula alichokionja. Na jirani asiyefika kumjulia hali hukumbukwa kwa kosa hilo hata baada ya mgonjwa kupona na kurudi shambani. Adabu hii haikuandikwa katika kitabu cha sheria, walakini hushikwa kwa nguvu kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Basi iko tiba moja ya siku hizi inayoipindua. Mgonjwa wake hurudi kwake akitembea kwa miguu yake na kusema kwa sauti yake. Kisha hulazimika kuwaambia watu wampendao, na hasa watoto wampendao, wasimkaribie. Tiba hiyo ni ya iodini nururifu, itumikayo kwa saratani ya tezi ya shingo.

Saratani hii haina wagonjwa wengi kama ile ya mlango wa kizazi au ya matiti, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kwa hiyo mtu aweza kuishi miaka mingi Bunda asimjue hata mmoja aliyepewa dawa hii. Lakini nyumba inayofikiwa nayo hukutwa haina desturi ya kuipokea, wala neno la kuieleza. Na pasipo desturi wala neno, hofu huingia na kujifanya mwenyeji.

Tezi yenyewe ni ndogo, imekaa mbele ya koo chini ya kikoromeo, mfano wa kipepeo aliyekunjua mbawa. Baadhi ya wataalamu huiita dundumio. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazoongoza joto la mwili, mwendo wa moyo, na ukuaji wa mwili na akili za mtoto, na haiwezi kuifanya kazi hiyo bila iodini, ambayo mwili huipata katika chakula. Chakula kikiwa na upungufu wa iodini, tezi hujitahidi na kuvimba, nalo vimbe hilo wazee waliliita rovu. Rovu lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda nyingi za juu za Tanzania kabla chumvi ya nchi haijaanza kutiwa iodini katika miaka ya 1990. Inafaa kusemwa mapema, ili asiogope bure mtu mwenye shingo iliyovimba, kwamba vimbe lililo kubwa kwa macho aghalabu si saratani, na kwamba saratani nyingi za tezi hii, zikiwahiwa, ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri.

Kutibika huko kunatokana na tabia ya ajabu ya tezi. Hakuna kiungo kingine katika mwili chenye uchu wa iodini kama hiki, na seli nyingi za saratani inayotoka humo, hata zikihamia mapafuni au mifupani, huendelea kuwa na uchu uleule. Mwaka 1938 Glenn Seaborg na John Livingood, katika Chuo Kikuu cha California, walipata iodini ya namba 131, ambayo kwa kila hali ya kikemia ni iodini, ila imebeba nguvu isiyotulia. Tezi haiwezi kuipambanua na iodini ya chumvi. Mwaka 1941 Saul Hertz, tabibu wa Boston, alianza kutumia iodini nururifu kuwatibu watu ambao tezi zao zilifanya kazi kupita kiasi. Na mwaka 1946 Samuel Seidlin na wenzake wa New York wakatangaza habari za mgonjwa wa saratani ya tezi aliyenufaika nayo. Mgonjwa hakatwi wala hachomwi kwa dawa hii. Humeza kidonge, au hunywa maji kidogo yasiyo na ladha ya kusimulia, na tezi hujitafutia yenyewe kilicho chake.

Ndani ya mwili iodini hii hutoa vitu viwili. Cha kwanza ni chembe ziitwazo beta, zisizokwenda mbali zaidi ya milimita 2 hivi, nazo ndizo zinazoua seli zilizoimeza. Cha pili ni mionzi ya gama, ambayo hupenya nyama na ngozi ikatoka nje. Kwa ajili ya hii ya pili, mgonjwa huwa kama taa isiyoonekana nuru yake. Mfano huu haukutoka mbali: waliotunga istilahi za sayansi kwa Kiswahili walilichukua neno nuru wakalifanyia nururifu na mnururisho, na neno mionzi lenyewe lilikuwa la jua kabla halijawa la hospitali. Taa haiambukizi. Aketiye mbali nayo hupata nuru haba, aketiye karibu hupata nyingi, na ikizimika imezimika. Mtu aliyeelewa hayo matatu ameelewa sehemu kubwa ya yale ambayo daktari anataka ayafanye.

Na achukuliwe kwa mfano mama mmoja wa Bunda, asiye na jina kwa kuwa si mtu fulani. Amegunduliwa na uvimbe shingoni. Ametumwa Bugando, Mwanza. Amepasuliwa na tezi ikaondolewa. Na sasa anatakiwa aende Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, ili mabaki ya tezi na ya saratani yamalizwe kwa iodini. Nyumba hiyo ya ufukweni ni kongwe. Wajerumani waliifungua kuwa hospitali mwaka 1897, Robert Koch alifanyia kazi humo katika uchunguzi wake wa malaria, na mwaka 1996 ikawa taasisi inayojitegemea kwa sheria ya Bunge. Kabla ya kufika, mama huyu huagizwa aache kwa majuma kadhaa vidonge vinavyoshika nafasi ya tezi iliyokatwa, ili mabaki yaone njaa na kuipokea iodini kwa pupa. Majuma hayo ni mazito: huona baridi penye joto, huchoka bila kazi, hunenepa bila kula, na mawazo yake huenda polepole. Asiyejua hudhani saratani imerudi.

Huagizwa pia apunguze iodini ya chakula kwa wiki moja au mbili: aache chumvi ya dukani iliyotiwa iodini, samaki wa baharini, maziwa na mayai. Hapa mtu wa Mara ana nafuu ambayo mtu wa Pwani hana, maana samaki wa maji baridi hana iodini nyingi kama wa baharini. Sato wa Ziwa Nyanza aliyechemshwa kwa chumvi isiyotiwa iodini hawi adui wa tiba, hali nguru na pweza wa Dar es Salaam ni adui. Ni jambo dogo, lakini mgonjwa aliyekatazwa samaki wote, kwa sababu orodha aliyopewa iliandikwa kwa ajili ya watu wa bahari, amenyimwa kitoweo chake cha kila siku pasipo haja.

Mwanamke hupimwa kwanza kama ana mimba, kwa sababu iodini hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na tezi ya mtoto huyo huanza kuikusanya karibu na juma la kumi au la kumi na mbili la mimba. Anayenyonyesha hutakiwa awe amemwachisha mtoto majuma kadhaa kabla ya tiba, wala asimrudishie titi mtoto huyo; watakaozaliwa baadaye atawanyonyesha bila hofu. Huombwa pia asishike mimba kwa miezi sita au zaidi. Katika nyumba inayohesabu uzazi kuwa heshima, agizo hili linamhusu mume sawasawa na mke, wala si haki mke aachiwe kulibeba peke yake mbele ya mawifi.

Sasa dawa imenywewa. Iodini hii hupungua kwa nusu kila siku 8: siku ya 8 imebaki nusu, siku ya 16 robo, siku ya 24 thumni, na siku ya 80 haikubaki hata sehemu moja katika elfu. Hiyo ni hesabu ya maumbile, ambayo hakuna awezaye kuiharakisha. Lakini mwili nao una hesabu yake. Kwa mtu ambaye tezi imekwisha kuondolewa, sehemu kubwa ya dawa haipati mahali pa kukaa, hivyo hutoka, aghalabu ndani ya siku mbili za kwanza, na zaidi katika mkojo. Kidogo hutoka katika mate na jasho. Ndiyo sababu mgonjwa hulazwa peke yake katika chumba maalumu, hunyweshwa maji mengi, na baadaye hupewa ndimu ya kunyonya ili tezi za mate zisikaushwe. Wahudumu humpima kwa chombo kwa mbali. Kiasi kikishuka hadi pale kanuni za hospitali zinaporuhusu, hufunguliwa mlango.

Mlango huo unafunguka Dar es Salaam, na nyumba yake iko Bunda, mwendo wa kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili. Akiwa wa Musoma ni zaidi ya 1,300. Ni Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, Magu, Lamadi, ndipo Bunda. Na aendaye Butiama hupita Makutano. Watungaji wengi wa kanuni za usalama huko Ulaya na Marekani walimfikiria mgonjwa anayepanda gari la mumewe na kufika kwake baada ya nusu saa. Mama huyu anapanda basi, viti viwili kwa viwili au viwili kwa vitatu, na pembeni yake ameketi mtu asiyemjua, pengine mja mzito, pengine mwanamke aliyempakata mtoto, kwa mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku.

Hesabu yake si ngumu. Kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili huitwa milisiverti. Dunia yenyewe, kwa mawe yake na anga lake, humpa kila mtu kiasi cha 2.4 kwa mwaka, kwa wastani wa ulimwengu. Na kanuni za kimataifa hazitaki mtu wa kawaida aongezewe zaidi ya 1 kwa mwaka kutokana na kazi za watu wengine. Ikiwa mgonjwa ametoka na megabekereli 1,100 mwilini, kiasi ambacho nchi kadhaa zilikitumia kuwa mpaka wa kumruhusu, aliye umbali wa mita moja hupokea kama milisiverti 0.06 kwa saa. Umbali ukipunguzwa nusu, kinachopokewa huwa mara nne. Basi jirani wa kiti, nusu mita tu kutoka kwake, hukaribia 0.25 kwa saa, na kwa saa nne amefika kwenye kiwango cha mwaka mzima. Safari ni ya saa ishirini. Hesabu hii ni ya mkato, kwa maana haikutoa kile ambacho mwili wa mgonjwa mwenyewe hukizuia. Wala haisemi kwamba jirani huyo ataugua. Milisiverti chache ni hatari ndogo sana kwa mtu mzima. Ila si haki kumpa mtu asiyeulizwa, seuze mtoto mchanga.

Je, afanye nini? Mashauri mengine yanayosemwa kwa wepesi hayatendeki. Aambiwapo akae Dar es Salaam siku chache zaidi, huulizwa kimya kimya na mfuko wake: akae wapi, na kwa fedha ya nani? Kwa ndugu kuna watoto. Katika nyumba ya wageni yuko binti atandikaye vitanda na kufua mashuka bila kujua. Lililo bora ni hospitali imshike yule wa mbali kwa siku mbili tatu kupita yule wa Kinondoni, kwa kuwa kanuni ya kumwachilia mgonjwa haikuwekwa kwa ajili ya mwili wake tu, bali kwa ajili ya njia yake na nyumba yake pia. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, katika waraka wake wa mwaka 2004, ilisema vivyo hivyo: kila mgonjwa aamuliwe kwa hali yake. Likishindikana hilo, akate safari vipande, Dodoma siku moja na Mwanza siku nyingine, mzigo usiangukie jirani mmoja. Au alipie viti viwili vya nyuma. Na akiona mama mwenye mtoto anakuja kuketi, aseme. Kusema ndiko kugumu. Basi zima litageuka kumtazama.

Afikapo, watoto ndio wa kwanza kumkimbilia. Juu ya watoto hapana mjadala, na sababu yake iliandikwa kwa uchungu katika nchi nyingine. Mwaka 1986 mtambo wa nguvu za atomiki wa Chernobyl ulipolipuka, iodini hii hii ya 131 ilitua juu ya majani ya Ukrainia, Belarusi na Urusi. Ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa, na katika miaka iliyofuata maelfu wakapata saratani ya tezi. Msomaji aweza kushangaa kuwa kitu kimoja kinaileta saratani na kuiondoa. Tofauti iko katika kiasi. Dozi kubwa iliyoelekezwa huiua seli, nayo iliyokufa haizai. Kiasi kidogo huijeruhi ikaishi na jeraha lake, na tezi ya mtoto, iliyo ndogo na yenye kukua, hujeruhika upesi kuliko ya mtu mzima. Kwa sababu hiyo mtu mzima aliyekubali kumuuguza mgonjwa anaruhusiwa na kanuni za kimataifa kupokea hadi milisiverti 5 katika muda wa tiba moja, ila mtoto hahesabiwi miongoni mwa wauguzi, hata akiwa ndiye aliyezoea kumpelekea bibi maji ya kuoga.

Kwa kawaida mtu mzima atalala mbali na mgonjwa kwa siku chache hadi wiki moja. Watoto wadogo na wajawazito watakaa mbali kwa wiki mbili, pengine tatu, kwa kadiri ya dozi. Na idadi halisi huhesabiwa na hospitali. Mbali maana yake ni mita mbili hivi, wala si kijiji kingine. Mtoto aweza kuwa uani na bibi yake barazani, wakaongea kutwa. Kupita mlangoni si kitu. Kitu ni kupakatwa, kulala pamoja, kubebwa mgongoni.

Mengine ni ya usafi, nayo yanataka kufasiriwa, si kwa lugha tu bali kwa nyumba. Karatasi za nje humwambia mgonjwa avute maji ya choo mara mbili. Katika nyumba ya choo cha shimo, na maji ya ndoo yaliyotoka ziwani kichwani mwa binti, agizo hilo halina maana. Maana yake iliyo sahihi ni hii: mkojo usitapakae, mwanamume naye achuchumae, maji yamwagwe kusafisha pale, mikono ioshwe kwa sabuni, na choo kiwe mbali na kisima, kama ambavyo kingetakiwa kuwa hata pasipo iodini. Shimo ni mahali pazuri pa kitu kinachopungua kwa nusu kila siku nane. Mtoto asipewe kazi ya kumwaga chombo cha usiku. Nguo na mashuka ya siku za kwanza yafuliwe peke yake katika beseni, si juu ya mawe ya ziwani Musoma ambako mwingine anachota maji hatua tatu kutoka hapo. Na maji yake yamwagwe chooni.

Ama sahani, hapo ndipo moyo unapoumia. Watu waliozoea kunawa katika chombo kimoja na kuumega ugali wa muhogo na mtama katika sahani moja humwona aliyewekewa chake pembeni kuwa ametolewa katika ukoo. Nayo haina budi kuwekwa pembeni kwa siku hizo, kwa sababu ya mate na mikono. Wala mgonjwa asiukande unga wa wenzake. Lakini sahani ikioshwa kwa sabuni imesafika. Hakuna sababu ya kuvunja kikombe alichonywea, wala kuchoma mkeka aliolalia, wala kuacha kiti chake kiote kutu nje.

Kikombe huvunjwa kwa sababu ya neno. Husemwa kwamba mama fulani ametiwa sumu, au amebeba mionzi inayoambukiza, na neno kuambukiza likishatamkwa halirudi. Watu wa Kanda ya Ziwa wana kumbukumbu yake. Ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, ndiko walikotambuliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, na kabla ya elimu kuenea walitengwa watu wengi kwa sahani na vikombe visivyoweza kumdhuru yeyote. Aliyeyaona hayo, au kuyasikia kwa mama yake, akimwona mgonjwa amerudi na sahani yake mwenyewe, hufasiri kwa kamusi aliyo nayo. Iodini haizai, haikui, haimuumbui mwenye nayo. Anayeketi karibu na mgonjwa hupokea mionzi kama apokeavyo nuru, wala yeye hawi taa. Akiondoka, hana cha kumpelekea mwingine. Kinachoweza kuhamishwa ni chembe za dawa yenyewe katika mkojo, mate na jasho, nazo huondoka kwa maji na sabuni.

Kuna kosa jingine lililo kubwa kuliko hili, kwa kuwa linawadhulumu wengi zaidi. Watu husema mtu amekwenda kupigwa mionzi, au kuchomwa mionzi, na neno moja hilo huwafunika wote. Wengi wao walitibiwa kwa mashine inayowaelekezea mionzi kutoka nje, kwa saratani ya mlango wa kizazi, ya koo au ya matiti. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki ndani yao, kama vile mtu aliyeota jua hang'ai usiku. Mwanamke aliyetibiwa hivyo aweza kumpakata mjukuu siku ile ile. Naye hutengwa mara nyingi sawasawa na wa iodini, na miezi mingi zaidi, kwa sababu hakuna aliyempa siku ya mwisho.

Siku ya mwisho ndiyo yenye kutenganisha utengo na unyanyapaa. Desturi za Afrika ya Mashariki zinajua kumtenga mtu kwa heshima. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Vijana wa Mara waliotahiriwa hukaa pembeni mpaka wapone, kisha hutolewa kwa nyimbo. Hakuna aonaye kwamba mzazi aliye katika arobaini amefukuzwa. Ameelewa, na wenzake wameelewa, kuwa amewekwa mahali kwa muda unaojulikana, na kutoka kwake kutakuwa na furaha. Mgonjwa wa iodini naye aweza kupokelewa hivyo, kama mtu aliye katika siku zake za kukaa. Mjukuu akiuliza, "Bibi, mbona hutaki nikukalie?" jibu lipo: "Siku zangu hazijaisha, mjukuu wangu. Chukua punje hizi za mahindi, kila asubuhi utupe moja, zikiisha njoo." Mtoto aliyepewa hesabu hutulia, tena huwa mlinzi mkali wa hesabu hiyo kuliko daktari.

Wageni nao wana hesabu yao. Mwembe ulio uani unafaa kuliko chumba cha kulala. Viti vipangwe mbali, salamu ziwe za maneno, mja mzito atume salamu zake kwa mwingine, na mazungumzo yasiwe ya kutwa. Watu walijifunza mwaka 2020, wakati wa UVIKO, kwamba salamu pasipo mkono haijamvunjia mtu heshima. Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wasemao kuwa kisichoonekana wala kunuka hakipo, na kwamba mama amerudi mzima, haya ya hospitali yameishia hospitali. Hao huwa ni wapenzi wa mgonjwa kweli kweli, na kuwazuia ni kazi kuliko kuwatuliza waoga.

Butiama, ambako Mwalimu Nyerere alizikwa baada ya kufariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, neno saratani halina ugeni kwa mtu yeyote. Taifa zima lilikwenda kuaga kwa karibu, na hakuna aliyeogopa. Kwa hiyo si saratani inayowasukuma watu nyuma leo, bali ni kutojua mionzi iko kwa nani, kwa siku ngapi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina wajibu wa kusimamia matumizi ya mionzi nchini, na mafundi wa hospitali huvaa vipimo vifuani. Kuanzia lango la hospitali mpaka Bunda, chombo cha usalama alicho nacho mgonjwa ni karatasi.

Basi karatasi hiyo yastahili kuandikwa kwa bidii. Iwe ya Kiswahili, kwa maneno ya ndoo na shimo na beseni. Iseme dawa ilikuwa ipi na kwamba si ya mashine. Isiseme "wiki mbili", kwa kuwa msomaji atauliza wiki mbili tangu lini. Iandike tarehe yenyewe: usimpakate mtoto kabla ya tarehe fulani, lala peke yako hadi tarehe fulani, kula sahani moja na wenzako kuanzia tarehe fulani. Iwe na muhuri, maana viwanja vya ndege na mipaka mingine vina mitambo inayoweza kulia kwa miezi kadhaa juu ya mabaki yasiyomdhuru mtu. Na iwe na nakala mbili, moja ya mgonjwa, nyingine ya mganga wa zahanati ya kwao, ili jirani mwenye shaka awe na mtu wa kumuuliza asiye mgonjwa mwenyewe.